Mwaka Nilipokuwa Jeki Mkavu

Mwanamume aliyeniua mara nyingi kuliko wote alikuwa amekaa mbele yangu, sahani ya wali na maharage mapajani, akipapasa mifuko kutafuta miwani yake. Tulikuwa Gwarama, kwenye matanga ya Mwalimu Hamza, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye nguzo za mikaratusi. Filimoni, aliyekuwa kijana mzuri kuliko wote Kasulu, sasa ana kipara na meno ya kubandika, na bado hajajifunza kunyamaza. Akawageukia vijana waliokuwa wakigawa maji ya kunawa, akawaambia, "Huyu mama mnayemwona, nimempiga risasi ya kifua Kasulu, Titye, Kumsenga na Kibondo. Kila mara anaanguka kama gunia, kesho yake anaamka anakunywa chai." Vijana wakacheka kwa adabu ya msibani. Mmoja wao, binti mwenye mtandio mweusi, akaniangalia kwa makini, akashika mdomo. "Bibi, si wewe yule wa kwenye filamu? Yule mama mbaya?" Nikamwambia ndiye mimi. Akarudi nyuma hatua moja pamoja na birika lake.

Nimezoea. Nimekuwa adui kwa zaidi ya miaka thelathini, na adui, kwa lugha ya watu wa picha, ni yule anayekuja kuharibu ili steringi aje kutengeneza. Nilianza na adui wa kikauboi, mwenye kofia pana na bastola, na kwa kofia hiyo nilizunguka majukwaa ya Kigoma na miji ya njia ya reli mpaka Tabora. Filamu zilipoanza kutengenezwa kwa wingi Dar es Salaam wakaniita, na huko nako nikavishwa kofia katika picha tatu za kikauboi kabla hawajanigeuza mama mkwe mwenye sumu, mke mkubwa anayefukia hirizi, mjane anayewadhulumu yatima. Kuna mama wa sokoni aliyekataa kuniuzia nyanya. Kuna mzee aliyenitemea mate kituo cha basi kwa jambo nililomfanyia yatima ambaye kwa kweli nilikuwa nimempeleka hospitali mwenyewe siku ileile, baada ya kupigwa picha, kwa sababu alikuwa na homa. Waandishi wakiniuliza nitacheza lini mtu mwema, nawaambia watu wema wana foleni ndefu, nami sipendi foleni.

Lakini siku ile Gwarama sikuwa na ujasiri huo. Ndani ya nyumba, mjane wa Mwalimu, Mama Zuhura, alikuwa amekaa eda, na wanawake walikuwa wakiingia mmoja mmoja kumpa pole. Mimi nilikuwa sijaingia. Tangu saa tatu asubuhi nilikuwa pale nje, nikijifanya napumzisha miguu. Ukweli ni kwamba Mwalimu Hamza, mtu wa Tanga, hakuja Gwarama kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyesababisha aletwe, kwa maneno sita niliyoyatamka jukwaani mchana mmoja, tena baada ya yeye kuniomba nisiyatamke. Tangu alipohamishwa hatukuonana tena. Sasa alikuwa kaburini, na mimi sikujua mkewe anajua nini. Filimoni akamaliza maharage yake, akaniinamia. "Yudita, ingia ndani. Hakuna mtu atakayekupiga risasi." Nikamwambia aniache kidogo, na katika ule uchache wa muda niliojiombea, mwaka wote ule ukanijia.

Sitasimulia nilizaliwa wapi na wazazi wangu walivuka mpaka na nini kichwani. Waliotaka kuyajua hayo walikwisha kuniuliza, kwa fomu na mihuri, na majibu yako kabatini mwao. Naanzia nikiwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa shangazi yangu Kasulu mjini, nashona nguo kwenye kibaraza cha duka asubuhi, na alasiri nauza mihogo ya kukaanga nyuma ya banda la video. Banda lilikuwa la udongo, limeezekwa bati, na jenereta yake ilikohoa kuliko wateja. Msichana kuingia mle hakukukatazwa na sheria yoyote, ila akiingia leo, kesho anasemwa kisimani. Kwa hiyo sikuingia. Nilikaa nje na karai langu, mgongo wangu ukiegemea ukuta, nikisikiliza picha za kikauboi kwa masikio tu. Ndani alikuwepo jamaa wa kutafsiri kwa sauti, naye alikuwa na sauti mbili: steringi alimpa sauti ya haraka, ya kupayuka, na adui alimpa sauti ya chini, ya mtu anayekula muwa na hana pa kuwahi. Nilimpenda yule wa muwa. Steringi alipoongea, watu ndani walipiga kelele. Adui alipoongea walinyamaza, mpaka nikasikia mafuta yakichemka kwenye karai. Nilifikiri, huyu ndiye mwenye nguvu kweli, na nikiwa peke yangu na mashine yangu asubuhi nilikuwa namwiga, naiambia sindano, "Usiharakishe, mama. Tuna siku nzima."

Mwalimu Hamza alikuwa amepangiwa kufundisha Kasulu, kijana wa miaka kama ishirini na minane, mrefu, mwenye Kiswahili cha kwao Tanga kilichotufanya sisi wengine tujisikie tunatafuna mawe. Aliandika mchezo wa kikauboi, akakusanya vijana wa kuucheza, nami akaniita niwashonee. Kuna wachungaji wanaoishi kando ya kisima, anakuja mtu mwenye kofia anaitwa Jeki Mkavu, ana karatasi ya uongo inayosema kisima ni chake, anawaambia waondoke. Kisha anakuja steringi. Farasi hatukuwa nao, Kasulu nzima haikuwa na farasi, lakini baiskeli zilijaa kila uchochoro, basi tukapanda baiskeli zilizofunikwa magunia, na watu wakakubali mara moja kwamba ni farasi. Mlio wa bastola ulikuwa mbao mbili zilizogonganishwa nyuma ya pazia. Kazi yangu ilikuwa kushona vizibao kutoka kwenye mablanketi ya zamani na kupaka kofia za ukindu rangi ya viatu. Mazoezi yalifanyika kwenye ghala la ushirika, lililonuka kahawa na panya, nami nilikaa juu ya magunia na uzi wangu, nikisikiliza.

Tatizo lilikuwa adui. Kila kijana alitaka kuwa steringi, na steringi alikuwa Filimoni, hakukuwa na ubishi, maana alikuwa na kifua na alikuwa mwimbaji wa kwaya. Adui alicheza kijana mmoja kwa wiki tatu, kisha akaja amenuna, akasema wakwe zake watarajiwa watakuja kuangalia, naye hawezi kuuawa mbele ya wakwe. Mwingine akasema yuko tayari, ila Jeki Mkavu ashinde. Mwalimu akaketi juu ya gunia, akashika kichwa. Wakaendelea kusoma bila adui, na walipofika mahali pake, pakawa kimya. Mimi sikupanga. Nilikuwa nakata uzi kwa meno. Nikasema kutoka pale nilipokaa, kwa sauti ya muwa, "Jua la kesho lisimkute mtu hapa."

Hakuna aliyecheka. Filimoni, ambaye alikuwa amesimama na bastola yake ya mti, aliishusha. Mwalimu akageuka polepole. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaniuliza maneno nimeyajulia wapi, nikamwambia nimeyasikia wiki tatu kutoka juu ya magunia, yamenichosha jinsi yanavyosemwa kwa haraka. "Mtu anayejua kwamba kisima atakichukua," nikasema, "atapiga kelele za nini?" Vijana wakaanza kunung'unika, msichana hawezi, suruali itakuwaje, watu watasemaje. Mwalimu akawauliza nani mwingine yuko tayari kufa Jumamosi. Akanivisha kofia mwenyewe, ikanifika puani, na jioni hiyohiyo nikaipunguza.

Alijaribu kunirekebisha jambo moja tu. Sisi wa nyumba za Kirundi na Kiha, Kiswahili chetu kina mawimbi yake, na herufi za "l" na "r" hubadilishana viti pasipo kuomba ruhusa. "Si 'lisasi', Yudita. Ni 'risasi'." Nikasema risasi. Kesho yake nikasema lisasi. Siku ya tatu nikamwambia, "Mwalimu, nikisema kama mtu wa Tanga, watu wataniangalia mdomo. Nikisema kama mtu wa hapa, watanisikiliza." Alifikiri, akakubali, na akawa hanirekebishi tena. Huo ndio ulikuwa uungwana wake. Alikuwa mtu anayeweza kubishiwa na binti anayeuza mihogo, akaenda nyumbani kwake, akarudi asubuhi na kusema, "Nadhani uko sawa."

Siku ya kwanza, ghala lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya mihimili. Nikaingia na baiskeli yangu kimyakimya, nikaishusha, nikaiegemeza kwa upole, nikawaangalia watu safu kwa safu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Sikuwa nimesema neno. Nilipofika kwenye yale maneno sita nikahisi ghala zima limeshika pumzi, na kuna kitu kikafunguka kifuani mwangu ambacho sijaweza kukifunga mpaka leo. Kisha Filimoni akaniua, nikaanguka, watu wakapiga vigelegele, nami nikalala pale na vumbi la kahawa puani, nina furaha kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Wakati wa kutoka, mama mmoja akanishika mkono nje ya ghala, akaniambia kwa Kiha kwamba amenichukia vibaya sana. Nikamshukuru. Alishangaa.

Wakati huo nilikuwa mchumba wa kijana anaitwa Bonifasi, aliyeuza vipuri vya baiskeli, na baba yake, Mzee Ndabazi, alikuwa mzee wa kanisa letu. Wiki moja baada ya onyesho mzee akaja kwa shangazi. Mimi nilikuwa jikoni natwanga kisamvu, na ukuta wa jiko letu haukuficha kitu. "Binti anavaa suruali," nikamsikia akisema. "Anashika bastola. Anakufa mbele za watu, miguu juu." Shangazi yangu, mwanamke mpole aliyekuwa anamwogopa kila mtu mwenye koti, akajibu taratibu, "Bastola ni ya mti, mzee." Mzee akamwambia, "Na miguu je, nayo ni ya mti?" Nikaacha mchi. Nilitamani kucheka.

Wakaniita. Mzee Ndabazi alikuwa amekaa kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo, kikombe cha chai gotini, naye hakuwa mtu mkatili, napenda liandikwe hilo. Alisema kwa huruma kabisa kwamba Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, nitubu, niache mambo ya mchezo, na harusi itaendelea kama ilivyopangwa. Nikamuuliza, "Baba, Filimoni anaua mtu kila onyesho, naye anaimba kwaya. Yeye anatubu lini?" Akaniambia, "Filimoni anaua wabaya." Nikamwambia, "Basi mbaya asipopatikana, Filimoni atamuua nani?" Shangazi akaweka mkono usoni. Mzee akamaliza chai yake bila haraka, akasimama, akamwambia shangazi, wala si mimi, kwamba amesikia majibu. Jumapili nilienda kanisani, nikakaa mahali pangu, na nafasi ya kutubu ilipofika sikusimama. Wakanisoma jina, kwamba nimetengwa na meza ya Bwana mpaka nitakapojirudi. Filimoni alikuwa kwenye safu ya kwaya, akiangalia viatu vyake. Jumatatu Bonifasi akaja na baiskeli, hakushuka, akaniuliza kama siwezi kusimama tu dakika moja, niseme maneno yale, nikae. "Ni maneno tu, Yudita." Nikamwambia mimi ndiye mtu wa mwisho Kasulu wa kuambiwa "ni maneno tu". Akaondoka. Nililia juu ya mashine mpaka nikashona mkono wa shati ukafungwa kabisa. Sijifanyi kwamba sikuumia. Nilimpenda, alikuwa na mikono yenye grisi na cheko zuri. Lakini nilipofikiri kuhusu kusimama na kusema nimekosa, mwili wangu ulikataa kama mwili unavyokataa chakula kilichochacha.

Tukaenda Titye, tukaenda Kumsenga, tukipanda lori la kubeba maharage, baiskeli-farasi zetu zimefungwa juu. Kisha tukaalikwa Kibondo, tucheze kwenye uwanja wa kambi moja ya wakimbizi nje ya mji, siku mbili mfululizo, alasiri. Tulipewa darasa la kulala na kulia chakula. Mama mmoja Mkongomani alitupikia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akituita "batoto bangu" na kutuambia tule mpaka "tushibe muzuri", na Filimoni alikula kama mtu anayehamia jangwani.

Siku ya kwanza watu walikaa chini uwanja mzima, mpaka kwenye miteremko. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo. Wiki ile kambini palikuwa na uvumi kwamba watu watarudishwa walikotoka, watake wasitake. Sisi tulikuwa tumeusikia nusunusu, hatukuuunganisha na mchezo wetu wa kofia za ukindu. Nikaja mahali pangu. Nikasema, "Jua la kesho lisimkute mtu hapa." Ukimya uliofuata haukuwa ule wa ghalani. Ulikuwa mzito zaidi, nikausikia hadi miguuni. Kisha mama mmoja akasimama katikati ya watu, mwembamba, kitenge kimefungwa chini ya kwapa, mtoto mgongoni, akaniambia kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu jirani, "Ntituva hano." Hatutoki hapa. Akakaa. Watu kadhaa walio karibu naye wakarudia. Filimoni alisahau kuingia. Mwalimu alilazimika kumsukuma kutoka nyuma ya pazia, na tukamaliza mchezo, na waliponiona nimelala chini nimekufa walishangilia muda mrefu mpaka jua likanichoma kope.

Jioni akaja afisa mmoja darasani kwetu. Sitamtaja wala ofisi yake, hana umuhimu huo. Hakufoka. Alikataa chai, akamwambia Mwalimu, "Mchezo mzuri. Kesho hiyo sentensi itoke." Mwalimu akauliza ipi. Afisa akasema, "Unaijua. Watu hawa wana maneno ya kutosha, msiwaongezee. Kesho nitakuja mwenyewe." Alipoondoka, wenzangu wakasema ni jambo dogo, sentensi moja. Mwalimu akaniita nje, tukasimama karibu na matanki ya maji. "Yudita," akasema, "mimi ni mtumishi wa serikali. Wewe ukisema, barua naandikiwa mimi. Nakuomba. Ingia, waangalie, toka. Wewe huhitaji maneno, ukiangalia tu inatosha." Alinisifu ili nimsaidie, na sifa ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililoniuma. Nikamjibu, "Nimesikia, Mwalimu." Akapumua kwa nafuu. Kwake yeye nilikuwa nimekubali. Kwetu, mtu akisema amesikia, amesikia tu.

Naapa sikuwa nimeamua. Watu wamewahi kunifanya shujaa katika hadithi hii, Filimoni hasa, akishalewa, na mimi nakataa. Kesho yake saa tisa niliingia na baiskeli nikiwa na nia ya kufanya alichoniomba. Afisa alikuwa mbele, kwenye kiti, miguu ameikunja. Uwanja ulikuwa umejaa kuliko jana. Nikawaangalia safu kwa safu, nikafika mahali pa maneno, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Ndipo nikamwona yule mama. Alikuwa amekwisha kusimama. Alisimama kabla ya zamu yake, mtoto mgongoni, ananitazama, anasubiri niseme ili apate kujibu, na wengine wengi walikuwa wameinama mbele kama watu wanaosubiri wimbo wanaoujua uanze. Nikaelewa jambo ambalo Mwalimu na afisa wote wawili hawakuliona. Yale maneno yangu mabaya ndiyo yaliyokuwa mlango wao. Nikiyameza, ninameza na jibu lao. Yule mama angebaki amesimama pale na jibu mdomoni bila mtu wa kumjibu, na hilo lingekuwa ovu kuliko lolote alilowahi kufanya Jeki Mkavu. Nikayasema. Nikayasema polepole, kila neno na kiti chake. Na uwanja mzima ukajibu. Sitajaribu kueleza sauti ile. Mabati ya darasa letu yalitetemeka.

Afisa akasimama, akajifuta suruali, akaondoka. Filimoni, kwa sifa yake, hakusahau kuingia safari hii. Aliingia na kuniua kwa adabu zote. Tukaamriwa tufunge virago kabla ya jioni. Kwenye lori Mwalimu alikaa mbele na dereva, sisi nyuma, na njia nzima mpaka Kasulu niliangalia kisogo chake kupitia kioo. Tuliposhuka alinipita, akasimama, akarudi. Nilidhani atanifokea, na ningestahimili. Akasema tu, "Ungeniambia. Ungesema hapana, ningejua." Kweli sikumwambia hapana, na kweli sikuijua hapana yangu mpaka nilipoifikia. Kabla ya mvua za vuli barua ikaja, amehamishiwa Gwarama, shule iliyokuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Alinipitia kibarazani kuniaga, amebeba sanduku la bati, tukaongea kuhusu bei ya mchele. Sikumwomba samahani. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaiangalia kila upande, nikaona kwamba ili niitoe lazima niseme ilikuwa heri yule mama akae kimya. Nikabaki nayo. Kikundi kikafa bila yeye. Mimi nikachukua kofia, nikaenda Kigoma mjini, nikatafuta watu wengine wa kuniua.

Filimoni akanigusa bega. Chai ilikuwa imekwisha kugawiwa, wanawake wengi wametoka. Nikavua viatu, nikaingia.

Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, shuka jeupe mabegani, mwanamke mnene wa Kiha mwenye uso mtulivu, na pembeni yake wifi yake aliyetoka Tanga na majirani wawili. Nikamwambia pole, akajibu ameshapoa. Nikaanza kumtajia jina langu, akanizuia kwa mkono. "Nakujua. Ukitokea kwenye televisheni, Mwalimu alikuwa ananiita nitoke jikoni. 'Njoo umwone huyu anavyowatesa watu.'" Majirani wakatabasamu. Ningeweza kuishia hapo, nikanywa chai, nikaondoka na sifa. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyesababisha ahamishiwe huku."

"Alinieleza," akasema. "Siku ya posa baba yangu alimuuliza, mtu wa Tanga, umefuata nini Gwarama? Akasema ameletwa na msichana mkaidi."

"Alisema kwa uchungu?"

Akafikiri kabla ya kujibu, na nilimheshimu kwa kufikiri huko. "Mwaka wa kwanza alikuwa na uchungu. Sitakudanganya. Alikuwa anasema, angalau angeniomba samahani." Akanitazama usoni. "Ndiyo uliyokuja nayo? Samahani?"

Wifi alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Kuna mahali pa kusema uongo mzuri, na msiba ni mojawapo, kila mtu anajua hivyo. "Hapana, Mama," nikasema. "Nimekuja kumzika, kwa sababu ndiye aliyenivisha kofia. Nilikosa kutomwambia, hilo ni kosa langu na ninalikubali. Lakini yale maneno, hata leo ningeyasema."

Wifi akavuta pumzi kwa nguvu. Nje nilimsikia mtoto akiimba kitu cha redioni na mtu akimnyamazisha. Kisha mjane akasogea kwenye mkeka wake, akapapasa mahali alipopaacha wazi.

"Afadhali," akasema. "Nimezaa naye watoto watano ndani ya nyumba hii. Ungeniomba samahani, ningekuuliza, unaniomba samahani ya nini? Ya yupi kati yao?"

Nikaenda nikakaa pale aliponionyesha.